Ukifungwa unafanyaje? Hapo ndo nakuchagulia gemu

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie wengine mambo vipi. Nimeambiwa nisiongee sana kwasababu kuna watu macho yao yako kwenye zile meza za nyuma toka wamefika, nawaona, ila aliyenitangulia alishika maiki muda mrefu na hakuna aliyemsema kwahiyo na mimi nivumilieni kidogo.

Pale kwangu kwenye chumba cha gemu vijana wakiingia wanauliza, bro gemu gani kali? Wazazi nao wakija wanauliza kivyao, eti gemu gani inamfaa mtoto wa miaka kumi. Wote huwa nawarudishia swali moja, ukifungwa unafanyaje? Watu wanacheka, wanadhani natania, mi niko siriasi kabisa. Gemu yoyote unayoijua, ya simu, ya tivii, ya ubao, ya karata, muda mwingi utakaoutumia humo ni muda wa kufungwa. Mkikaa wanne mezani anashinda mmoja watatu wamefungwa. Kwenye PUBG, ile gemu ya kupigana risasi, mnarushwa kwenye ndege watu mia moja na mwisho anabaki mmoja au timu moja, wengine wote huko ni marehemu. Sasa ukijua mtu akifungwa anakuaje ushajua umpe nini, umri wake utakusaidia kidogo tu na bei ndo kabisaa haikusaidii, nimeona watu wazima wana ndevu wanarusha ubao wa ludo na nimeona katoto ka darasa la pili kanafungwa drafti kanapanga vizibo upya kimyaaa.

Tuanze na hawa wa "tena". Unawajua, kafungwa, hajamaliza hata kukasirika ashasema tena, rudia, weka tena, hiyo haihesabiki. Huyu mpe gemu fupi. Tekken, ile gemu ya kupigana ngumi na mateke, ndo dawa yake, raundi moja dakika haiishi, kafa, kainuka, kafa, kainuka, na hamna wa kumsingizia kwasababu mko wawili tu na vidole vyenu. Sisi wengine tulianza na Tekken 3 kwenye PlayStation ya kwanza ile ya 1998, kila mtaa kulikuwa na mtu anamchukua mpiganaji anaitwa Eddy Gordo anabonyeza vitufe vya miguu hovyo hovyo na anashinda, inauma lakini unasema tena. Na msidhani ni mchezo wa wahuni, hapo jirani Kenya kuna dada anaitwa Sylvia Gathoni, kwenye gemu wanamjua kama QueenArrow, mwaka 2018 timu ya kimataifa ya UYU ilimsaini acheze Tekken kama kazi. Kazi yenye mkataba, mama zangu, naomba mlisikie hilo.

Mpira nao ni wa watu wa "tena" ila nusu yao tu, kwasababu mpira una refa, una posti, una kipa kateleza, yani una visingizio vingi. Mwenye hela na koni yake, yani mashine ya gemu kama PlayStation, achukue EA Sports FC, ile iliyokuwa inaitwa FIFA mpaka 2023 walipoachana na jina hilo. Asiye na hela ashushe eFootball, ndo PES yenu ile ile, toka 2021 ni bure. Simu ikiwa ndogo imejaa mapicha ya harusi basi Dream League inatosha sana, tena unaweza kucheza na kompyuta bila bando. Za kupigana risasi nitasema moja tu. Kama huna subira ya kufa mapema chukua Free Fire, mnashuka hamsini na mechi ni kama dakika kumi, PUBG unaweza kuokota okota vitu kwenye nyumba za watu dakika ishirini afu upigwe na mtu hujamuona hata kivuli, na kwa mtu wa "tena" hiyo ni simu kwenye ukuta.

Haya, kuna mwingine akifungwa ananyamaza. Hakasiriki, hasemi tena, anaangalia ubao. Anaangaliaaa. Kesho anakuja anakwambia jana pale ungehamisha hii nisingekula. Huyo mtu jamani msimpotezee muda na gemu za kete za kurusha, huyo ni mtu wa bao.

Na hapa nitakaa kidogo mnisamehe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo nane nane, kete 64, za asili ni mbegu za mkomwe zile za kijivu ngumu zinazoteleza mkononi. Mnagawana 32 kila mtu lakini hamziweki zote, unaanza na kumi tu ubaoni, sita ndani ya nyumba, yani lile shimo lako kuu, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, zile 22 zinabaki mkononi. Hapo ndo panaitwa namua, unaingiza moja moja mpaka ziishe ndo mnaingia mtaji, yani mnacheza na zilizo ubaoni tu. Sasa vijana wengi wakisikia hivyo wanaona ni hesabu ya shule wanakimbia. Subirini. Uzuri wa bao uko hapa, ukimla mwenzako kete zake hazitoki nje kama drafti au chesi, unazichukua unaenda kuzipanda kwako kuanzia kichwani, yani shimo la mwisho la pembeni. Kete zote 64 ziko pale pale mpaka mwisho. Kwahiyo aliyeliwa leo hajafa, mali yake iko ng'ambo ya ubao anaiona kwa macho, na zamu moja nzuri inaweza kuirudisha yote na faida juu. Nishaona mzee amebaki na vikete vya kuokoteza, watazamaji washaanza kumzika, akachota shimo moja, akala, akapanda, ikaangukia penye kete akachota tena, akala tena, mkono unazunguka mistari yake miwili we unabaki umeshika kidevu, ilivyokuja kulala mwenye ushindi hakuwa na ushindi tena. Na hamna bahati hata chembe, hamna kete ya kurusha, hamna karata iliyofichwa, kila kitu kiko wazi juu ya ubao, ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzako. Ndo maana mtu wa kunyamaza analipenda.

Ila msianzie huko kwenye namua, mtachanganyikiwa bure. Kuna bao la kujifunza, kila shimo unaweka kete mbili basi, 64 zimekwisha, mnaanza kucheza. Mkilizoea mnahamia kwenye la wakubwa, na siku ukimkausha mtu mstari wake wa mbele wakati kete bado ziko mikononi, yani umempiga mkononi, utalala vizuri siku hiyo. App za bao zipo kwenye simu zinasaidia kujifunza kuhesabu, lakini haziwezi kukupa wale watazamaji wa pembeni wanaokwambia "mmmh" ukigusa shimo bovu, na hao ndo walimu wenyewe.

Aliye mbali na kijiwe, yuko hosteli au yuko Uarabuni huko anafanya kazi hana wa kucheza naye, achukue chesi. Kuna Lichess, tovuti ya chesi, ipo toka 2010, bure kabisa, haina tangazo hata moja, hawakuombi kadi ya benki, unapata wa kucheza naye saa yoyote ya usiku na zipo fumbo za kufanya mwenyewe bila kufungwa na mtu. Drafti sisemi kitu, vizibo mnavyo, wa Pepsi hao wa Fanta hawa, na wazee mnajua kuliko mimi.

Sasa wale wa "karata mbovu". Kafungwa ludo, kete imemkataa. Kafungwa karata, wamechanganya vibaya. Anakaa dakika tano anakuhadithia sita ilivyogoma kutoka. Watu wanamcheka ila mi nasema huyu mtu ndo anaifaa familia kuliko wote, kwasababu bahati ndo inafanya bibi na mjukuu wakae meza moja na mjukuu ashinde kihalali bila bibi kujifanya kakosea. Ludo kwa hilo haina mpinzani, na ule ubao ukiugeuza mara nyingi nyuma una nyoka na ngazi kwa ajili ya wale wadogo zaidi ambao hata kuchagua kete ya kutembeza bado. Kwahiyo Eid au Krismasi mkiwa ukoo mzima toeni ludo, bao liacheni nje kwa wajomba.

Lakini mtu huyo akikua kidogo kichwani unampandisha. Ukipata pa kuipata mchukulie Catan, ni gemu ya ubao ya Mjerumani Klaus Teuber, ilitoka 1995, mnajenga njia na vijiji kwenye kisiwa na mnabadilishana mbao, matofali, kondoo, ngano. Humo kete mbili zinarushwa, kila eneo lina namba yake na ikitoka aliyejenga hapo anapata mali, kwahiyo bado ana cha kulaumu, ila kete mbili zikirushwa jumla ya saba inatoka kuliko namba zote, njia sita kati ya 36, na sita na nane zinafuatia njia tano tano, mbili na kumi na mbili njia moja moja tu. Ukijenga vijiji vyako kwenye namba kumi na mbili afu ukalalamika kete zimekukataa, hapana bwana, umejitakia. Akicheza mara kadhaa anaanza kuliona mwenyewe, kwamba bahati nayo ina mahali inapenda kukaa. Na wengine watakaa wanabembelezana "nipe kondoo nikupe tofali" mpaka usiku, ni kama Kariakoo mwezi wa kumi na mbili.

Watu wa pwani wana dawa yao nyingine, wanacheza kwa wenza. Wahedi wa sitini kwenye karata, mnatafuta pointi 61, wawili kwa wawili, au dhumna, yani domino, barazani, vipande 28, kile kishindo cha kipande mezani unakisikia toka mtaa wa pili. Hapo ukifungwa lawama unampa mwenzako wa upande wako, na mwenzako anakupa wewe, mnaondoka mnagombana mpaka msikitini ila kesho mko pamoja tena. Sijui kama ni afya lakini imefanya kazi miaka mingi.

Nikija kwenye hawa ambao hawataki kabisa kufungwa mbele za watu, hapa mnisikilize kwasababu ndo wengi na hawasemi. Mtoto anasema sipendi gemu. Wife anasema mi gemu hapana. Ukichimba unakuta alichezeshwa mara moja na kaka zake akazomewa, imeisha hiyo. Usimpe Tekken, utamuua. Wapo wa kucheza peke yao, mpe Stardew Valley, iko mpaka kwenye simu, unarithi shamba la babu unalima unafuga unavua samaki unaongea na wanakijiji, hakuna anayekufunga, mvua ikinyesha unapumzika kumwagilia. Jamaa mmoja tu, Eric Barone, aliitengeneza peke yake yote, picha, muziki, kila kitu, ikatoka 2016. Unalipia mara moja basi, haikuombi tena hela na haina haja ya bando. Mtoto mpe Minecraft lakini muwekee upande wa ubunifu au ule wa amani ambao mazombi hayatoki usiku, ajenge nyumba zake aelewe kwanza, akitaka hatari ataomba mwenyewe. Mwenye simu ndogo kabisa na dakika mbili za kusubiri daladala ashushe 2048, gemu ya kuunganisha namba, bure, ya kijana wa Kiitaliano Gabriele Cirulli, 2014.

Tetris, ile ya kupanga matofali yanayoshuka, pia naiweka hapa japo inashangaza kidogo, kwasababu Tetris ni gemu ya kufungwa tu. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow 1984 na toka hapo kila anayeicheza anaishia kufunikwa na matofali, hamna hatua ya "umeshinda". Ile ya zamani ya Nintendo ilikaa zaidi ya miaka thelathini ndo Desemba 2023 katoto ka miaka 13 ka Oklahoma kakaifikisha mahali gemu yenyewe ikaganda ikashindwa kuendelea, binadamu wa kwanza. Lakini sasa kwasababu kila mtu anafungwa, hakuna anayeona aibu. Nimeona kina mama ambao hawagusi padi ya gemu wakishika Tetris hawaachii.

Na wapo wanaotaka kukaa na watu ila wasifungwe NA watu. Hizi gemu za upande mmoja huku kwetu hazijulikani sana na naona ni bahati mbaya. Ipo Pandemic, ya ubao, Matt Leacock, 2008, wawili mpaka wanne, mko timu moja mnazunguka dunia kuzuia magonjwa manne, Kinshasa ipo, Khartoum ipo, Lagos ipo, Dar hawajatuweka. Mkishinda mmeshinda wote, mkifungwa mmefungwa na ubao, yani hamna wa kuzomewa. Angalizo moja, msimkalishe na mtu anayejua kila kitu, atawapangia wote cha kufanya na mtageuka vibarua wake. Kwa wapenzi na wanandoa wenye koni au kompyuta, It Takes Two, 2021, haichezeki na mtu mmoja hata ukitaka, na akinunua mmoja mwenzake anaruhusiwa kuishusha bure wakacheza wote. Inahusu mke na mume wanaotaka kuachana wakageuzwa vidoli, we ukiona mada nzito kwa wakati huo basi subirini mpatane kwanza.

Waongeaji sasa. Kuna mtu yeye kufungwa hakumuumi kabisa ilimradi amepiga stori. Huyu hata usimnunulie kitu, chukua pakiti ya karata ya buku mbili tatu pale dukani mcheze Mafia, mchezo ulianzia Moscow 1986 kwa Dimitry Davidoff. Mko watu kumi na moja hivi, toa karata kumi, mbili nyeusi nane nyekundu, kila mtu anaangalia yake anaficha. Nyeusi ni mafia. Mmoja anabaki nje kuendesha, anasema mji umelala, wote macho yamefungwa, anasema mafia fungueni macho, wale wawili wanaonana, wanaonyesha kwa kidole nani afe, wanafunga. Asubuhi mji unaamka, anatangazwa marehemu, na sasa ndo mnaanza kushutumiana, nani muuaji, mpige kura mumtoe. Jamani. Yule dada mpole wa kwaya ndo utashangaa anavyodanganya bila kupepesa jicho, na yule muongeaji wenu anatolewa raundi ya kwanza kwasababu alinyamaza sekunde tano. Ujanja uko hapo, mtu mkweli akishutumiwa anajitetea sana, anatetemeka, anakula kiapo, na mafia anakuwa mtulivu anasaidia kuuliza maswali. Ya simu ya aina hiyo ni Among Us, ilitoka 2018 watu hawakuijali mpaka 2020 wamefungiwa ndani na korona ndo ikalipuka. Inafaa ukiwa na ndugu mko mikoa tofauti, ila ya mezani unamuona mtu shingo inavyocheza.

Kitu kimoja naomba nikiseme kwa sauti maana wazazi mnachanganya na mna haki ya kuchanganya, zile za kubeti kwenye simu, vindege vinavyopaa, magurudumu yanayozunguka, mi siziiti gemu na pale kwangu hazichezwi. Gemu ukifungwa unajifunza kitu, kule ukifungwa umefungwa hela ya kula na kindege hakina mbinu ya kujifunza. Na hata ndani ya gemu za kawaida angalieni vile viboksi vya kulipia bila kujua ndani kuna mchezaji gani, Ubelgiji waliviangalia 2018 wakasema baadhi ni kamari, na EA, wenye ile gemu ya mpira, wakaacha kuuza huko zile pointi za FIFA za kununulia pakiti Januari 2019. Kwahiyo mtoto akiomba hela ya "kufungua pakiti" muulize anafungua nini.

Nimalizie na moja ya wapenda hadithi, kwasababu inatuhusu. Tales of Kenzera: Zau, ilitoka Aprili 2024, ya koni na kompyuta, imeongozwa na Abubakar Salim, muigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ndo sauti ya Bayek, mhusika mkuu kwenye ile gemu ya Assassin's Creed ya Misri. Alifiwa na baba yake akaitengeneza kwa ajili hiyo, kijana mganga anaitwa Zau anaenda kupatana na mungu wa kifo amrudishie baba yake. Na mnaweza kuiweka sauti za Kiswahili mwanzo mwisho, yani unakaa sebuleni tivii kubwa watu wanaongea lugha yako, sio mhuni mmoja wa pembeni anayesema "jambo" halafu anapigwa risasi. Kuruka na kupigana humo kunahitaji vidole kidogo ila ukifa inakurudisha karibu, na unaweza kupunguza ugumu, mtu mwenye aibu ataimaliza. Mshikieni mama yenu padi akae apate kusikiliza tu hata asipocheza, mi naona inatosha.

Maswali niulizeni pale nyuma tukiwa tunacheza, siwezi kujibu hapa mnanikodolea. Bao liko kushoto chini ya mwembe, wazee wana kipaumbele. Drafti mbili, keram moja na poda iko kwenye kopo la bluu msiimwage yote. Anayetaka Tekken aandike jina kwa yule kijana wa fulana ya njano, mechi mbili ukifungwa unampisha mwenzako, na wewe wa "tena", nakuona, ni mechi mbili tu.